Anza na mkia: kusoma maneno marefu ya Kiholanzi

Wewe uliyeanza Kiholanzi juzi, neno refu usilisome kutoka kushoto. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima. Manispaa iliponiletea barua yenye neno afvalstoffenheffing, nililikata silabi silabi kama tulivyofundishwa darasa la kwanza: af-val-stof-fen-hef-fing. Silabi zote zilikuwa sahihi, na sikuelewa chochote. Kamusi ikaniambia stof ni vumbi, au kitambaa. Nikaiweka barua kando, mpaka ikaja ya pili ikidai zaidi kwa kuchelewa.

Silabi ni za mdomo. Maana inakaa kwenye viungo, yaani maneno madogo yanayounda lile refu, navyo havikatiki palepale silabi zinapokatika. Afval ni taka, stoffen hapa ni vitu, heffing ni tozo. Tozo ya taka, basi.

Mwenye neno ni yule wa mwisho. Sisi husema bima ya afya, bima ikatangulia. Mholanzi husema zorgverzekering, na bima yake, verzekering, iko mkiani. Mkia huo ndio unaoamua pia kama neno ni la de au la het, vile vineno viwili vinavyotangulia nomino: kwa kuwa nyumba ni het huis, hospitali nayo ni het ziekenhuis. Ukiujua mkia mmoja umevuna mengi. Toeslag ni ruzuku. Sasa huurtoeslag, zorgtoeslag na kinderopvangtoeslag (kodi ya nyumba, bima ya afya, malezi ya watoto ya mchana) hazikutishi tena.

Kutafuta mahali viungo vinapokutana ndiko kugumu. Alama moja nzuri ni s ya katikati, ambayo mara nyingi hufuata -heid, -ing na -teit: gezondheidszorg, huduma ya afya, ni gezondheid, s, zorg. Si kila mara, maana belastingaangifte, tamko la kodi, haina s hiyo. Na sikio letu linatudanganya, kwa sababu limezoea silabi inayoishia na irabu, hivyo huisukuma konsonanti mbele. Daktari wa familia ni huis-arts, si hui-sarts. Chakula cha jioni ni avond-eten, si avon-deten. Hata mwisho wa mstari hukatwa hivyo. Angalia valkuil: ukikata val-kuil ni shimo la mtego, ukikata valk-uil umepata ndege wawili, kozi na bundi.

Mkazo nao tunaukosea karibu sote, kwa kuupeleka silabi ya pili kutoka mwisho. Katika maneno haya kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza: ZIE-ken-huis. Ukisema zie-KEN-huis, anayekusikiliza atahangaika kukuelewa.

Lakini usijione mgeni kabisa wa jambo hili. Anayesema hatutakupikia amebeba sentensi nzima ndani ya neno moja, na mtoto wa miaka minne anaielewa. Chukua arbeidsongeschiktheidsverzekering kwa jicho hilohilo, ukianzia nyuma. Verzekering, bima. S ya kuunga. Heid, inayofanya kazi ya u- yetu katika uzuri na uzima. Geschikt, anayefaa. On, inayokanusha. S nyingine. Arbeid, kazi. Ni bima ya mtu asiyeweza tena kufanya kazi.