Uchumi Wenye Hisabati: Nichague Chuo Gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nimehitimu kidato cha sita katika tahasusi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) na ninapenda kusomea uchumi bila kuiacha hisabati. Ndugu zangu wananishauri nitazame jina la chuo tu. Je, ni sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina la chuo lina uzito wake mbele ya waajiri, lakini kwa haja yako halitoshi, kwa kuwa shahada mbili zinazoitwa uchumi zaweza kutofautiana sana kwa kiasi cha hisabati kilichomo. Omba orodha ya masomo ya kila mwaka, kisha utafute kalkulasi, aljebra ya mstari, nadharia ya uwezekano na ekonometria (matumizi ya takwimu kupima mambo ya uchumi), ukiangalia kama ni masomo ya lazima au ya hiari. Ukikuta hisabati inaishia muhula wa kwanza, chuo hicho hakikufai, hata kiwe na sifa kubwa namna gani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya uchumi na takwimu kwa pamoja, nami ningeanzia hapo. Ukivutiwa zaidi na takwimu zenyewe, kitazame pia Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika. Kabla ya kuomba, soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) wa mwaka huu, maana masharti hubadilika, na ulinganishe alama zako za hisabati na zile zinazotakiwa na programu yenyewe.