Tuulize kwanza nani anaruhusiwa kusimamisha laini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Viwanda vyetu vinaangushwa na nini zaidi, uvivu wa wafanyakazi au ubovu wa mameneja?" Swali limenigusa pabaya, kwa sababu uvivu umetajwa kwanza, kama ilivyo desturi. Bidhaa mbovu ikionekana mwisho wa laini, yaani mstari wa uzalishaji kiwandani, neno la kwanza la fomeni ni "nani alikuwa zamu?" Baada ya hapo kila mtu anajifunza kutoonekana. Nijibu basi swali la jirani yake: mfanyakazi akiona kasoro mbele yake, ana ruhusa ya kusimamisha kazi? Na akisimamisha, nani anakuja, na anakuja na spana au na barua ya onyo?

Mfano ninaoutegemea uko mbali na kwetu, katika mji wa Fremont, California, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu ni nadra kupata kiwanda kilichobadilishwa uongozi huku watu wakibaki karibu walewale.

General Motors walikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia kufungwa kwake mwaka 1982 kilikuwa na sifa mbaya kuliko karibu vyote vya kampuni hiyo. Utoro ulifika kama asilimia 20 kwa siku, na malalamiko ya chama cha wafanyakazi, UAW, yalikuwa yamerundikana kwa maelfu. Watu walikunywa pombe kazini. Waliofanya kazi pale wamesimulia jinsi chupa tupu za soda zilivyofungiwa ndani ya milango ya magari ili mnunuzi asumbuliwe na kelele asiyojua inatoka wapi. Juu ya yote kulikuwa na amri moja: laini haisimami. Gari likikosa bolti au likifungwa kifaa cha gari jingine, linapita tu, linafika mwisho, linasukumwa uani kusubiri kurekebishwa.

Mwaka 1984 kiwanda kilifunguliwa upya kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Toyota ndio waliokiendesha. Chama kilikuwa kilekile, na takriban asilimia 85 ya walioajiriwa mwanzoni walitoka katika kundi lile lile lililoitwa sugu. Viongozi wa timu walipelekwa Japani, kiwanda cha Takaoka, kufanya kazi bega kwa bega na wenzao.

Sasa tusogee karibu. Chukua mtu anayefunga kiti. Ana takriban dakika moja kabla gari halijatoka kwenye kituo chake, na mwisho wa kituo umewekwa alama sakafuni. Bolti ya tatu inaingia upande, meno yanaliwa. Kwa taratibu za zamani angeibana hivyohivyo kwa mashine, isonge, aende gari linalofuata. NUMMI kulikuwa na kamba juu ya kichwa chake. Akiivuta, muziki unalia, taa inawaka, na ubao unaonyesha namba ya kituo. Laini haikomi papo hapo, na hapa ndipo wengi hukosea wanaposimulia. Gari linaendelea kusogea hadi kwenye ile alama, na kiongozi wa timu ana sekunde hizo kufika. Akifika wakaitoa bolti, wakasafisha meno, wakaweka nyingine, anavuta kamba tena na kazi inaendelea bila kusimama. Wakishindwa, gari linapofika kwenye alama sehemu ile ya laini inasimama mpaka waiweze. Baadaye wanaulizana kwa nini bolti iliingia upande, na jibu likipatikana wanauliza tena kwa nini. Bolti ilishikwa vibaya kwa sababu boksi liko nyuma ya mgongo wake, na anageuka huku gari likitembea. Basi boksi linahamishwa.

Angalia kinachoishikilia hiyo kamba. Kiongozi wa timu alikuwa na watu watano hadi wanane tu, na kazi yake ya siku ilikuwa kuitikia wito na kuziba nafasi ya asiyekuja. Mpe watu 30 na kamba inakuwa kengele isiyo na mwitikaji. Katika wiki ya pili hakuna atakayeivuta. Pia ilikuwepo ahadi kwamba watu hawatapunguzwa ovyo. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakupunguza mtu. Waliobaki bila gari la kuunganisha walipelekwa kwenye mafunzo na marekebisho ya vituo. Mtu akijua kwamba wazo lake la kuokoa sekunde kumi halitamfukuzisha jirani yake, atalitoa.

Matokeo yalipimwa mwaka 1986 na watafiti wa chuo cha MIT. Gari moja lilichukua saa 31 za kazi katika kiwanda cha General Motors cha Framingham, saa 19 NUMMI na saa 16 Takaoka. Kasoro kwa magari 100 zilikuwa 135 Framingham, na 45 katika viwanda vile vingine viwili. Utoro ulishuka hadi asilimia chache.

Mpaka hapo ningesema kesi imekwisha: ni mameneja. Lakini kuna kipande kinachonisumbua. General Motors walijaribu kuyahamishia mambo haya kwenye kiwanda chao cha Van Nuys, California hiyohiyo, na hayakushika. Kilifungwa mwaka 1992. Inasimuliwa kwamba bosi mmoja aliagiza NUMMI ipigwe picha kila inchi ili inakiliwe. Kamba inapigika picha. Kinachotokea baada ya kamba kuvutwa hakipigiki. Na meneja wa kule, hata mwenye nia njema, alihesabiwa idadi ya magari yaliyotoka kila jioni. Laini ikisimama dakika kumi simu inalia ofisini kwake, akishusha simu anakwenda kumfokea fomeni. Fomeni naye anaficha kasoro, kama ambavyo yule wa kiti angefanya kwa taratibu za zamani.

Hapa kwetu tumeipokea Japani kwa mlango wa hospitali pia. Tangu mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, ilianza S Tano, njia ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mbeya: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni kazi nzuri na ningependa iendelee. Rafu yenye lebo, na dawa inayokaribia kuisha muda ikiwekwa mbele, huokoa dakika za muuguzi. Ila S ya tano ndiyo isiyobandikika ukutani.

Kamba ya chumba cha upasuaji naiona zaidi Ifakara. Hospitali ya pale ilikuwa mojawapo ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 na 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Katika kituo cha tatu muuguzi anatamka kwa sauti kwamba vitambaa vya gozi, sindano na vifaa vimehesabiwa na vimetimia. Hesabu isipotimia, mgonjwa hatoki, hata daktari awe bingwa namna gani. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Inaharibika kwa njia moja inayojulikana: fomu inajazwa mgonjwa akiwa tayari wodini, tiki zote 19 kwa mkono mmoja na kalamu moja.

Wazee watakumbuka Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, wa 1971, kifungu cha 15, kilichokataza majivuno na dharau za viongozi. Wafanyakazi walikishika na kuwagomea mameneja, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda chenyewe. Nilizoea kuuona huo kama ushahidi kwamba mfanyakazi wetu akipewa sauti anajua la kufanya. Leo nikiandika naona pia upungufu: mgomo ni kamba inayosimamisha kila kitu kwa mpigo, na upande wa pili hakuna anayekuja na spana.

Basi jibu langu. Nilianza nikitaka kuwahukumu mameneja, na bado wao ndio wenye sehemu kubwa. Lakini wa kwanza kuulizwa ni mwenye mali, au bodi, anayempima meneja kwa idadi ya jioni peke yake. Nikiri mambo mawili. Kibarua wa kutwa asiye na uhakika wa kesho hatavuta kamba yoyote, hata umwekee ya dhahabu. Na karakana ya watu wanane haiwezi kumlipa kiongozi wa kusubiri wito. Hapo mwenye karakana ndiye aitikie, ashuke kutoka ofisini. Hata NUMMI, pamoja na yote, ilifungwa tarehe 1 Aprili 2010, General Motors walipofilisika na kujitoa, na Toyota wakakataa kubaki peke yao. Utamaduni mzuri haukuilinda na hesabu za wenye hisa.

Mkitembelea kiwanda kwa ajili ya makala zijazo, ombeni daftari la jana la laini kusimama: saa ngapi, kituo gani, nani alisimamisha, kilirekebishwa nini. Wakiwaambia kwamba jana haikusimama hata mara moja, nendeni mkaangalie uani nyuma.

Msomaji, Morogoro