Kampuni ikifa, hela yako ya uzeeni inabaki na nani?

Wiki hizi meseji za pensheni zimezidi za kitu kingine chochote, nadhani habari za kikokotoo zimewaamsha watu, na mimi nafurahi kwa kweli maana wengi wetu jambo hili tunalikumbuka tukishafika hamsini na kitu. Nimechagua nne zinazohusu mifuko ya makampuni binafsi na nchi za wenzetu, sababu nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nipo kampuni moja Barabara ya Nyerere, wenye kampuni wako Uingereza. Tumeletewa fomu, mbali na NSSF wanataka tuwe na mfuko wa ziada wa kampuni, mimi nikatwe asilimia 5 na wao waweke 5. Wenzangu wote wamesaini, mimi bado, sababu baba yangu alifanya kazi kiwandani miaka mingi akiahidiwa kiinua mgongo, kiwanda kikafungwa hakupata hata mia. Jamaa wa HR anasema nisiwe na wasiwasi, hii ni kampuni ya wazungu na huko kwao mambo hayo hayapo. Ni kweli?
*Msomaji, Tabata Segerea*

JIBU: Pole sana kwa yaliyomkuta mzee. Hapana ndugu yangu, siyo kweli, huko kwao yametokea tena mara nyingi, na hizo sheria nzuri tunazozisikia zilitungwa baada ya watu kama baba yako kulizwa.

Tuanze na Marekani. Kulikuwa na kampuni ya magari inaitwa Studebaker, mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Desemba 1963 wakatangaza wanafunga kiwanda pale. Wafanyakazi walikuwa na pensheni imeandikwa kabisa kwenye makubaliano na chama chao, sasa hela ilipohesabiwa ikaonekana haitoshi. Waliokwishastaafu na waliofikisha miaka 60 wakalipwa yao yote, lakini wale wa miaka 40 mpaka 59, kama watu 4,000 hivi, wakaambulia kama asilimia 15 ya walichostahili, na wengi wao walikuwa wameshatumikia kile kiwanda zaidi ya miaka 20. Chini ya miaka 40 hawakupata kitu. Na kinachoniuma mimi kwenye hii habari ni kwamba hakuna aliyeiba, ni kwamba kampuni kila ikikaa mezani na chama ilikuwa inaongeza ahadi, ila hela ya kujazia hizo ahadi ilikuwa inawekwa kidogokidogo kwa hesabu ya miaka 30 ijayo, kama vile kampuni haiwezi kufa kabla ya hapo.

Ikapita karibu miaka 11 ndo Rais Gerald Ford akasaini sheria inayoitwa ERISA, tarehe 2 Septemba 1974. Humo ndo wakabana kwamba mwajiri akiahidi pensheni lazima aweke hela kwa mahesabu ya wataalamu, na mfuko uwe mbali na mali za kampuni, na wanaousimamia wawajibike kwa mfanyakazi siyo kwa bosi, na mtu akishatumikia miaka kadhaa haki yake isifutike hata akiacha kazi au akifukuzwa. Halafu wakaanzisha bima yake, PBGC, waajiri ndo wanailipia tozo, kampuni ikianguka na pensheni haijajazwa PBGC inauchukua ule mfuko na kuendelea kulipa wastaafu, japo kuna kiwango cha juu haivuki.

Sasa Uingereza, kwa mabosi wenu. Novemba 1991 Robert Maxwell, mwenye gazeti la Daily Mirror, alikufa baharini karibu na visiwa vya Canary. Alipokufa ndo ikagundulika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zimechotwa kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake ili kuyabeba makampuni yake mengine yaliyokuwa yanazama. Aliwezaje? Kwa sababu mwenye kampuni na mwenye kauli kwenye mfuko alikuwa mtu huyohuyo mmoja. Bunge lao likatunga sheria 1995, ila haikutosha, maana 2002 kiwanda cha chuma cha Allied Steel and Wire pale Cardiff kilianguka na watu waliochangia miaka na miaka wakajikuta hawana kitu cha maana, wakaandamana sana. Ndo ikaja sheria ya 2004, na kuanzia Aprili 2005 wana vyombo viwili, mdhibiti wa pensheni anayekagua na kuwabana waajiri, na mfuko wa kinga unaoitwa PPF. Kampuni ikifilisika na pensheni ina pengo, PPF inamlipa asilimia 100 yule aliyekwishafika umri wa kustaafu, na asilimia 90 ambaye bado.

Wewe sasa. Kwanza usidhani PPF ya Uingereza itakukinga wewe wa Tabata eti kwa sababu makao makuu yako London, mfuko unafuata sheria za pale ulipoandikishwa, kwa hiyo swali lako la kwanza kwa HR ni mfuko umesajiliwa nchi gani na chini ya mamlaka ipi, wakuonyeshe karatasi.

Pili, pensheni yako wewe siyo kama ya Studebaker. Kule kampuni iliahidi kiasi fulani kila mwezi mpaka unakufa. Ya kwako ni ya kulimbikiza, unaweka 5 wanaweka 5, utakachokikuta ndo chako. Hatari yake iko sehemu nyingine. Je, hela ikikatwa inatoka kwenye akaunti ya kampuni lini? Inaenda akaunti ya nani? Ni mambo yaleyale ya mchezo, huwezi kumkabidhi kijumbe hela asiyekuwa na daftari na ukifika kwake unakuta hela za mchezo na za kula nyumbani kwake ziko mkoba mmoja. Uliza wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko, ni kina nani na kama kuna mfanyakazi aliyechaguliwa na wafanyakazi humo ndani. Uliza ile 5 ya kampuni inakuwa yako moja kwa moja au mpaka ukae miaka mingapi, watu wengi wanaumia hapo. Na uliza wanaiwekeza wapi, hili naliweka kwa herufi nzito: isiwe hisa za kampuni yenyewe. Wafanyakazi wa Enron kule Marekani zaidi ya nusu ya akiba yao ya pensheni ilikuwa kwenye hisa za Enron, hisa ambayo mwaka 2000 ilifika dola 90, kampuni ikafilisika Desemba 2001 na hisa ikawa chini ya dola moja, kwa hiyo mtu alipoteza kazi na akiba ya uzeeni kwa mpigo. Kwa kuogopa hatari kama hiyo, sheria za Uingereza zinataka mfuko usiweke zaidi ya asilimia 5 kwa mwajiri wake.

Wakikujibu yote vizuri kwa maandishi, saini ndugu yangu, maana ile 5 yao ni mshahara wako na usipochukua inabaki kwao. Wakikwepa kujibu, subiri, na uwaombe na wenzako waliosaini waulize hayohayo.

SWALI: Mwanangu hujambo. Binti yangu yuko Uingereza analea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Kila mwezi anakatwa hela ya pensheni. Wenzake wanamwambia ajitoe kwa sababu hizo kampuni za kulea wazee zinafungwa kila siku na hela inapotea. Na kuna mtu amempigia simu anasema anaweza kumtolea hela yote sasa hivi. Nimshauri nini?
*Mama, Mbezi Beach*

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza huyo wa simu binti asiongee naye tena kabisa. Uingereza wamepiga marufuku kumpigia mtu simu za pensheni bila yeye kuomba tangu Januari 2019, kwa hiyo anayepiga hivyo karibu siku zote ni tapeli. Kwa kawaida hela ile haitoki mpaka mtu afike miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57, na ukiitoa kabla kwa njia za panya kodi inaweza kufika asilimia 55, bado huyo tapeli hajachukua chake.

Kuhusu kujitoa, mimi namwambia asijitoe. Kule tangu Oktoba 2012 mwajiri analazimishwa kumuingiza mfanyakazi wa kuanzia miaka 22 anayepata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka, hawamuulizi wanamuingiza, na jumla inayowekwa ni angalau asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabika, ambayo mwajiri lazima atoe angalau 3. Akijitoa ile 3 anaipoteza. Na kampuni ikifungwa, ile hela haipo kwa mwajiri mama, ipo kwenye mfuko wa nje kwa jina la binti, mfilisi hana ruhusa ya kuigusa. Kinachoweza kupotea ni zile za miezi ya mwisho, mwajiri amekata kwenye mshahara lakini hajapeleka. Kisheria inatakiwa ifike kwenye mfuko kufikia tarehe 22 ya mwezi unaofuata kwa malipo ya mtandao, na mwajiri anayekata halafu kwa makusudi na kwa ulaghai asipeleke anaweza kufungwa mpaka miaka 7. Hata kampuni ikifa na deni hilo, kuna ofisi ya serikali inayoweza kulipia sehemu yake.

Kwa hiyo binti afungue akaunti yake ya pensheni kwenye simu kila mwezi, alinganishe na slipu ya mshahara. Akiona mwezi mmoja haujaingia aulize kwa maandishi, akiona wa pili, apeleke kwa mdhibiti wa pensheni. Na mama, wewe na waliobaki hapa kazini fanyeni hivyohivyo na taarifa zenu za NSSF, hili nalisema kila mwaka na kila mwaka napata barua za watu waliogundua siku ya kustaafu kwamba kuna miaka haina michango.

SWALI: Mimi ni kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kampuni ikifilisika kwa nini hata huko ughaibuni wafanyakazi wanapanga foleni nyuma ya mabenki? Kwani sheria ikisema pensheni ilipwe kwanza kuna ubaya gani?
*Kiongozi wa tawi, Ubungo*

JIBU: Kiongozi, hapo umegusa penyewe, na Canada wamebishana hilihili miaka mingi. Nortel, kampuni kubwa ya simu, ilipofilisika 2009, wastaafu walijikuta kwenye msururu wa wadai wasio na dhamana wakati mfuko wao una pengo kubwa, na kesi ikaburuzwa miaka na miaka huku mawakili wakilipwa. Ikaja Sears Canada 2017, hadithi ileile. Mabenki yakawa yanasema tukiwaweka wafanyakazi mbele, makampuni yenye pensheni yatakopeshwa kwa riba kubwa au hayatakopeshwa kabisa. Bunge likapitisha sheria hata hivyo, 2023, kwamba pengo la pensheni linatangulia kulipwa mbele ya mabenki, na imeanza kufanya kazi Aprili 2025. Mimi naona wamefanya sawa. Benki ina watu wa kukagua vitabu kabla haijatoa mkopo, fundi wa mashine hana.

Ila kulipwa kwanza hakusaidii kama kwenye mali za kampuni hamna kitu, na ndo maana Ujerumani wao wana chombo cha pamoja cha waajiri, PSVaG, kilichoanzishwa 1974, kampuni moja ikianguka zilizobaki zinachangishwa kulipa pensheni zake. Na Uingereza mdhibiti anaweza kumfuata mwenye mali hata akishauza. Philip Green aliuza maduka ya BHS kwa pauni moja mwaka 2015, mwaka uliofuata yakaanguka na pengo la pensheni la pauni milioni 571, mdhibiti akamuandama mpaka 2017 akakubali kulipa mpaka milioni 363. Kwenye mikutano yenu ya mkataba wa hali bora wekeni kipengele cha kuonyeshwa risiti za michango kila mwezi, msisubiri kufilisika.

SWALI: Shemeji yangu anafanya kazi Perth kwa viza ya muda. Mkataba ukiisha akirudi Dar ile hela yao ya superannuation anaiacha?
*Msomaji, Sinza Mori*

JIBU: Haachi. Ule mpango, yaani akiba ya uzeeni ya lazima ya Australia, ulianza 1992 mwajiri akiweka asilimia 3, na tangu Julai 2025 ni 12, siyo hela ndogo. Mwenye viza ya muda akishaondoka nchini na viza ikawa imeisha au imefutwa, anaomba kurudishiwa, lakini kodi ni kubwa, kwa viza nyingi za kazi ni asilimia 35, na wale wa viza za likizo na kazi ni 65. Kabla hajaondoka ahakikishe michango yote imefika, kwa sababu kwa utaratibu wa zamani waajiri wa kule walikuwa wanaruhusiwa kulipa kila miezi mitatu na humo katikati hela nyingi imepotea, mpaka 2023 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2026 iwe inalipwa pamoja na mshahara. Akichelewa kuomba zaidi ya miezi sita baada ya kuondoka, mfuko unaihamishia kwa mamlaka ya kodi ya Australia, bado ni yake na anaiomba kulekule, kwa hiyo namba yake ya kodi na majina ya mifuko yote aliyopitia ayaandike sehemu ambayo na nyie wa nyumbani mnaijua.