Heller na hela: ni neno moja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala kuhusu safari ya Theodore Roosevelt, Rais wa zamani wa Marekani, aliyekuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909. Katika msafara wake alikuwamo mtaalamu wa wanyama aitwaye Edmund Heller. Mwenzangu ofisini ananiambia jina hilo ndiyo hela yetu hii ya mfukoni, kwa hiyo niandike "Edmund Hela". Je, ni kweli? Na niliite ubini au jina la ukoo? Tena mhariri wangu ana kawaida ya kunifutia "hela" kila ninapoiandika na kuweka "fedha", akisema hela ni lugha ya mtaani. (Mtafsiri, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwenzako kaugusa ukweli, ila "Edmund Hela" usiandike. Mhariri wako naye kakosea, nami nitaeleza kwa nini, maana neno hili nalipenda na sipendi kuliona likifukuzwa.

Hapa mezani ninayo sarafu ya shaba, ndogo kuliko shilingi mia ya leo, imeiva wekundu kama kigae. Upande mmoja ina taji ya kifalme, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka 1905. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, imeandikwa tarakimu 1 na chini yake HELLER. Hiyo ndiyo hela yenyewe, kabla neno halijawa na maana ya pesa zote za duniani.

Wajerumani walipoanza kutoa sarafu zao huku, mwaka 1890, walifuata mazoea ya pwani: rupia ya madini ya fedha, na chini yake pesa za shaba, 64 kwa rupia moja. Pesa hizo ziliandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo zilizosomwa na wafanyabiashara wa pwani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadili hesabu. Rupia ikabaki, lakini ikagawanywa mara 100, na kila sehemu ikaitwa Heller. Ikawapo nusu heller, heller 1, heller 5, na heller 10 yenye tundu katikati. Mwaka 1916, vita vilipokata njia ya bahari, wakagonga heller 20 kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, kwa shaba waliyoiokoteza. Mwaka huohuo Tabora ikatekwa. Sarafu yenyewe iliishi miaka 12 hivi. Neno limeshapita karne moja na halijazeeka.

Sasa sikiliza matamshi. Mjerumani hamalizii neno la namna hii kwa r. Silabi ya -er mwishoni huilegeza mpaka inakuwa a fupi, kwa hiyo akisema Heller unachosikia ni "hela". Kiswahili hakina l mbili zilizobanana, nacho hupenda neno liishe kwa irabu, na irabu ilikuwa imekwisha kuwapo mdomoni mwa msemaji. Hakukuwa na cha kuongeza. Hivyohivyo ndivyo tulivyolipata dereva, na meneja, na kompyuta: Mwingereza naye huilegeza -er yake. Aliyelipokea neno hela hakulisoma popote. Alilisikia sokoni, au kwenye foleni ya kodi, akalitamka sawasawa na alivyolisikia. Majirani zetu wa Burundi, ambao nao walikuwa chini ya Wajerumani wakati huo, walifanya vilevile, na mpaka leo pesa kwa Kirundi ni amahera.

Upande wa kaskazini wa mpaka mambo yalikuwa tofauti. Kwa Waingereza wa Kenya rupia iligawanywa kwa senti 100. Ndiyo sababu Mkenya atakuambia hana pesa, Mtanzania atakuambia hana hela, na wote wawili wamefilisika kwa namna moja. Roosevelt na Edmund Heller walipoteremka Mombasa Aprili 1909, walishukia upande wa senti. Mtu mwenye jina la sarafu ya Tanganyika alizunguka Kapiti na Naivasha akichuna na kuhifadhi ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington, wala huko hakuna aliyelipa chochote kwa heller.

Jina lake lilitoka wapi? Hapo inabidi twende Ujerumani ya kusini-magharibi, kwenye mji uitwao Schwäbisch Hall, kando ya mto Kocher. Ni mji wa chumvi. Mwishoni mwa karne ya 12, zama za Kaisari Friedrich Barbarossa, mji huo ulikuwa na kiwanda cha kugonga sarafu, na kikatoa senti ndogo ya fedha yenye alama ya kiganja cha mkono upande mmoja na msalaba upande mwingine. Watu wakaiita senti ya Hall. Kwa Kijerumani ukitaka kusema "wa mahali fulani" unaongeza -er mwishoni, kama sisi tunavyotanguliza m- tukasema Mpemba au Mtumbatu, na kama Waarabu wanavyomaliza kwa -i wakapata Shirazi na Barwani. Basi Hall ikazaa Haller, na Haller ikawa Heller.

Hiyo a kugeuka e isikutishe, maana tunayo nyumbani. Sisi husema wengi, si "waingi", na meno, si "maino": a ikikutana na i, zinayeyuka pamoja kuwa e. Katika Kijerumani cha kale kiambishi hiki kilikuwa na i ndani yake, na i hiyo, hata ikiwa silabi ya mbele, iliivuta a iliyotangulia mpaka ikasogea kuwa e. Tofauti ni kwamba kwetu irabu lazima zigusane, kwao zilivutana kwa mbali.

Sarafu ile ilipendwa kwa udogo wake, ikaigwa miji mingi, na kadiri miaka ilivyopita fedha ndani yake ikapungua hadi ikabaki shaba tupu. Mpaka leo Mjerumani aliyeishiwa husema hana hata heller nyekundu, nyekundu ya shaba. Mtanzania husema sina hata hela. Na kama wapenda jamaa za maneno, mtazame dola: nayo ni mtoto wa -er hiyohiyo. Katika karne ya 16 fedha ya bonde la Joachimsthal, huko Bohemia (Cheki ya leo), iligongwa sarafu kubwa iliyoitwa Joachimsthaler, ikafupishwa kuwa taler, na taler ndiyo iliyovuka mipaka na bahari ikawa dola ya Marekani. Hela na dola, basi, asili zao ni majina ya miji miwili.

Turudi kwenye jina la mtu. Majina ya ukoo ya Kijerumani yalianza kama lakabu. Miji ilipojaa watu, kina Johann wakawa wengi mno, ikabidi kila mmoja aongezewe neno la kumtambulisha: kazi yake, kwao, umbo lake, tabia yake. Lakabu ikarithiwa na watoto, ikaganda. Heller aliweza kuipata lakabu hiyo kwa njia zaidi ya moja, na hapa ndipo mwenzako anapoteleza. Yupo Heller aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sarafu: labda kodi ya shamba lake ilihesabiwa kwa heller, labda alikuwa bahili, labda maskini. Yupo Heller wa mahali, yaani mtu aliyetoka Hall au kijiji kingine chenye jina la kufanana. Na yupo wa tatu ambaye jina lake halihusiani na sarafu wala mji. Kwa Kijerumani hell ni angavu, kitu cheupe chenye nuru. Mtu wa nywele au ngozi nyeupe kuliko wenzake angeweza kuitwa Heller, na njia hii ndiyo inayotajwa sana kwa Wayahudi wa Ulaya ya kati.

Miongoni mwa Wayahudi jina hili lilikuwapo mapema. Rabi Yom-Tov Lipmann Heller, aliyezaliwa Wallerstein mwaka 1579 na kufundisha Prague na Krakow, alikuwa nalo zaidi ya miaka 200 kabla ya Kaisari Joseph II wa Austria kuwaamuru Wayahudi wa milki yake, mwaka 1787, wajichagulie majina ya ukoo ya Kijerumani yasiyobadilika. Kwa hiyo ukikutana na Heller wa New York, jina ni la Kijerumani, lakini babu zake huenda waliondoka Poland au Urusi.

Marekani walifika kwa mawimbi. Wa kwanza walikuwa wakulima wa karne ya 18 walioteremkia Philadelphia wakaenea Pennsylvania, na huko mpaka leo upo mji mdogo wa Hellertown, uliochukua jina la ukoo huo. Karne ya 19 ikaleta wengine waliokwenda Cincinnati, St. Louis na Milwaukee, na mwishoni mwa karne hiyo Wayahudi wa mashariki wakajaa New York. Majina mengi ya Kijerumani yalichujuka njiani. Huber akawa Hoover, Eisenhauer akawa Eisenhower, na koo zote mbili zikatoa marais. Steinweg, maana yake njia ya mawe, alifika New York mwaka 1850 akawa Steinway, jina linalosomeka leo kwenye piano. Heller halikuguswa, kwa sababu karani wa Kiingereza aliweza kuliandika lilivyo. Kilichobadilika ni sauti tu: Mmarekani huirudisha r ya mwisho ambayo Mjerumani aliimeza.

Na yupo Heller mmoja ambaye napenda kumtaja kila ninapofundisha neno hili. Walter Heller, aliyezaliwa Buffalo mwaka 1915 kwa wazazi wahamiaji kutoka Ujerumani, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais Kennedy kuanzia 1961. Hazina ya dola ikashauriwa na mtu aitwaye hela.

Sasa maandishi. Kwa nini hela tuiandike kwa tahajia yetu na Heller tuliache kama lilivyo? Kwa sababu yameingia kwa milango tofauti. Hela iliingia kwa sikio, ikawa nomino ya kawaida, ikapewa ngeli na upatanisho wake: hela yangu imeisha, hela zangu zimeisha. Ni mali yetu, tunaitendea tutakavyo. Jina la mtu linaingia kwa karatasi. Mwenyewe analitia sahihi kwa l mbili na r, na msomaji wako akitaka kumtafuta Edmund Heller kwenye orodha ya maktaba lazima alikute hivyohivyo. Ukimwandika "Hela" umempoteza, na juu ya hayo umeshaamua kwa niaba yake kuwa babu yake aliitwa kwa sarafu, kumbe huenda aliitwa kwa weupe wa nywele. Majina ya watu hayatafsiriwi. Kina Schneider wa Marekani hatuwaiti kina Fundi Cherehani.

Kuhusu ubini: neno hili limetokana na bin, nalo kwa asili ni jina la baba. Katika Salim bin Ali, mwana wa Salim ataitwa bin Salim, si bin Ali. Jina linasogea kila kizazi. Heller halisogei. Baba Heller, mwana Heller, mjukuu Heller. Najua kamusi na fomu nyingi huliita ubini hilo pia, na hutakosea ukilitumia, lakini mimi ningeandika jina la ukoo, kwa sababu ndilo linaloeleza hasa jambo lilivyo.

Na sasa kwa heshima kubwa, mhariri wako. Hela si neno la mtaani. Lilichapwa kwenye sarafu ya serikali, likahesabiwa kwenye daftari za kodi, likaingia kwenye kamusi. Fedha nayo ni neno zuri, la Kiarabu, kwa asili ni ile madini nyeupe, na mahali pake ni kwenye bajeti, wizara na benki. Hela ni ya mkononi. "Wizara ya Hela" ingechekesha, lakini "mama alikwenda sokoni akasahau fedha" nayo inasikika kama taarifa ya polisi. Mtu anapozungumza ndani ya makala, mwachie hela yake. Ninachokubaliana na mhariri ni mahela: hilo ni la mazungumzo, la mtu anayestaajabia wingi, na kwenye maandishi rasmi ningelipunguza.

Katika makala yako, basi, ningeandika sentensi kama hii: "Edmund Heller, mtaalamu wa wanyama aliyefuatana na Roosevelt, alilala akihesabu ngozi huku wapagazi wakihesabu hela zao." Ila ukumbuke walikuwa Kenya, mwaka 1909. Weka rupia.