Baiskeli ya Kukunja na Safari ya Kazini: Ushauri kwa Anayeanza

Hivi karibuni msomaji mmoja aliniandikia kwamba alinunua baiskeli ya kukunja, akaenda nayo kazini siku chache, kisha akaiacha kwa sababu aliiona haina mwendo wala raha ya baiskeli ya kawaida. Ujumbe wake ulinigusa, maana lawama hiyo nimeisikia tangu nilipoanza kuitumia yangu, na wengi wanaoitoa hawajawahi kuikunja hata mara moja. Jibu langu ni kwamba baiskeli ya namna hii hainunuliwi kwa ajili ya mwendo. Hununuliwa kwa ajili ya zile sehemu za safari ambazo huiendeshi kabisa: ngazi za stesheni, behewa la treni, lifti, na mvungu wa meza yako ya kazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Uingereza lilikuwa na baiskeli za kukunja za kampuni ya BSA zilizokusudiwa askari wa miavuli, na mwaka 1975 Andrew Ritchie alianza kusanifu jijini London baiskeli iliyokuja kujulikana kama Brompton, yenye magurudumu ya inchi 16 na sehemu ya nyuma inayopinduka na kuingia chini ya fremu. Wote hao walitafuta chombo kinachoweza kubebwa, na mnunuzi anayekidai kishindane na baiskeli ya mashindano anakionea.

Mimi niliingia katika jambo hili kwa sababu ya vipande viwili vya njia vilivyokuwa vikinimaliza: kutoka nyumbani hadi stesheni, na kutoka stesheni ya mwisho hadi ofisini. Vyote viwili ni virefu mno kwa miguu, na vyote viwili vilinilazimu kusubiri magari yasiyokuja kwa saa maalumu. Baiskeli ya kawaida ingetatua kipande cha kwanza tu, kisha ningeifunga kwa kufuli nje ya stesheni na kushinda kutwa nikiiwazia. Hii yangu hupanda treni pamoja nami.

Siku za mwanzo hazikuwa nyepesi. Mlinzi wa jengo tunamofanyia kazi alinizuia mlangoni, akisema baiskeli haziruhusiwi ndani, nami nikaikunja mbele yake, nikaitia katika mfuko wa kuibebea, nikapita nayo kama mzigo mwingine wowote. Hilo lilikwisha kwa amani. Lililoniuma ni mkubwa wangu mmoja wa kazi aliyesema mbele ya wenzangu kwamba mtu mzima hapandi baiskeli ya watoto. Maneno hayo bado yananichoma ninapoyakumbuka. Sikumjibu, ila niliendelea kufika mapema, mwili umechangamka na akili imetulia, na sasa wapo wenzangu wanaonifuata mmojammoja kuniuliza wanunue ya aina gani.

Ushauri wangu wa kwanza kwao ni kujifunza kukunja kabla ya kujifunza kuendesha. Kaa nayo sebuleni jioni, uikunje na kuikunjua mpaka mikono ifanye kazi bila macho. Anza kwa kuiweka pedali mahali isipozuia mkunjo, kisha fungua komeo la bawaba, lete nusu moja ya fremu kando ya nyingine, laza usukani, na mwisho shusha kiti. Zipo aina ambazo mnyororo hubaki katikati ya mkunjo, na hizo ndizo ninazozipendelea, kwa kuwa grisi haiigusi suruali yako wala ya jirani yako kwenye behewa. Anayejua kukunja vizuri hamzuii mtu mlangoni.

La pili ni kuyaheshimu magurudumu madogo. Shimo ambalo gurudumu kubwa lingelipita juu juu, dogo hulitumbukia, na usukani nao huitika upesi hata kwa mguso mdogo. Kwa hiyo usijaribu kunyoosha mkono kuonyesha unakokata kona kabla hujafanya mazoezi mahali peupe pasipo magari, na unaposhika breki kwa nguvu rudisha uzito wako nyuma. Ama ile hofu kwamba gurudumu dogo hukulazimisha kukanyaga pedali mara nyingi zaidi, haina msingi sana, kwani watengenezaji huifidia kwa uwiano wa gia. Kinachochosha watu ni tairi lisilo na upepo wa kutosha. Pampu iwepo nyumbani, na kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi kifuatwe.

Kisha kuna bawaba, na hapa sina masihara na mtu yeyote. Kila unapoikunjua, hakikisha komeo limefunga sawasawa na kizuizi chake kimekaa mahali pake kabla hujapanda. Likilegea, likaze, na ukiona ufa kwenye fremu karibu na bawaba, acha kuipanda mpaka fundi aitazame. Nguzo ya kiti usiivute kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake, na uipanguse kwa kitambaa kikavu, kwa maana grisi ikiingia hapo kiti kitakuwa kinashuka polepole huku unaendesha.

Ndugu zangu, tunataka sote kufika kazini kwa wakati, tukiwa na nguvu na bila kumtegemea mtu, lakini wengi wetu huahirisha kwa kuogopa macho ya watu. Yaacheni hayo macho. Mkienda dukani, msimwachie muuzaji awaonyeshe tu: mwombe akuache uikunje mwenyewe, uinyanyue kwa mkono mmoja, upande nayo ngazi na kushuka, kwa sababu nyingi zina uzito wa kilo 10 hadi 13 na utaubeba kila siku. Kama muuzaji hakuruhusu, tafuta duka lingine.