Filta, printa na kamera za mfukoni: maswali yenu

Muuza duka kaniambia bila filta ya UV picha zangu zitafifia. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Anatafuta mauzo tu. Filta hiyo ilikuwa na kazi enzi za filamu, iliyonasa miale ya urujuanimno (ndiyo UV) na kuzipa picha za mbali ukungu wa buluu. Kamera ya dijitali ina kioo mbele ya sensa (kipande kinachonasa picha) kinachoizuia miale hiyo. Filta hiyo ivishe ufukweni kukinga lenzi na mchanga. Usiku ivue, la sivyo kila taa ya barabarani itajitokeza mara mbili pichani.

Picha zangu za bahari zinajaa mng'ao mweupe. Filta ya polaraiza itasaidia? (Msomaji, Mombasa)

Naam, na kama utanunua filta moja tu maishani, iwe hiyo. Mng'ao ukishafunika matumbawe, hakuna programu itakayoyafukua baadaye.

Tafuta pete yenye herufi CPL. Ifunge, kisha izungushe polepole huku ukitazama skrini mpaka maji yafunguke. Yatazame maji kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wake; ukiinama na kuyatazama wima, filta haina la kufanya. Kwa mbingu, jua liwe upande wa bega lako. Saa sita mchana, jua likiwa utosini kama ilivyo huku kwetu, buluu itakolea chini karibu na upeo, si juu. Kumbuka filta hii inakula nusu ya mwanga au hata robo tatu, kwa hiyo magharibi ikiingia itie mfukoni.

Ukubwa usiubahatishe. Soma namba iliyo mbele ya lenzi kando ya alama ø: 52, 58, 67 na kadhalika. Mwenye lenzi kadhaa anunue filta ya ile pana kuliko zote, kisha pete za kuunganishia, ambazo ni za bei rahisi mno.

Naweza kuchapa picha kwa printa ya leza ya ofisini, kwenye karatasi ya kung'aa? (Msomaji, Dodoma)

Usithubutu! Karatasi ya printa za wino ina utando unaoyeyuka kwenye roli la moto, na bosi atataka kujua nani kaharibu mashine. Printa ya nyumbani iwe ya wino, yenye matangi, ikiwezekana rangi sita. Chapa walau picha moja kila wiki, maana wino ukikaa hukauka kwenye matundu. Kama unachapa picha kumi tu kwa mwezi, studio ya mtaani itakugharimu kidogo zaidi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800 tu, ila ukiituma studio kwa WhatsApp, itume kama dokumenti isibanwe.

Kamera ndogo ya megapikseli 20 itaishinda simu yangu? (Msomaji, Tanga)

Uliza sensa kwanza. Nyingi za bei nafuu zina ya milimita 6.2 kwa 4.6, na hizo usiku simu nzuri inazishinda. Zinachoizidi ni lenzi ya kuvuta mbali. Sensa iitwayo ya inchi moja (jina tu, si kipimo chake), kama ya kamera ya Sony RX100 iliyotoka 2012, ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne. Ukiipata ya mtumba, ipigishe picha ukuta mweupe kabla hujalipa. Madoa yakionekana, vumbi limeshaingia ndani, na kamera hizi kuzifungua si kazi ya dakika tano.