Breki pedi mpya zinatetemesha gari: je, ni feki?

Swali: Naendesha teksi hapa Nairobi, Toyota Fielder. Wiki iliyopita nilinunua breki pedi na diski mpya za mbele pale Kirinyaga Road, fundi akanifungia palepale. Aliniambia, "Enda tu, zitajizoea." Nikaingia nazo kwenye jemu ya jioni hadi nyumbani. Sasa nikikanyaga breki nikiwa na kilomita 80 kwa saa, usukani unacheza na kanyagio linanipigapiga mguu. Siku ya kwanza pia nilisikia harufu ya kuungua. Je, niliuziwa spea feki? – Dereva, Lang'ata

Jibu: Pole, kaka. Kabla hujarudi dukani kugombana, jua kwamba dalili hizo nimeziona mara nyingi kwenye magari yenye spea halisi kabisa. Feki zipo mjini, lakini hapa mimi nashuku zaidi ile "enda tu".

Wengi hudhani pedi hushika chuma cha diski kama msasa unavyoshika mbao. Hiyo ni nusu ya habari. Pedi ikipata moto wa kutosha huacha juu ya diski utando mwembamba wa malighafi yake yenyewe, na kuanzia hapo pedi husuguana na utando huo. Kuzoesha pedi ni kuupaka utando huo sawasawa, diski nzima. Usipoupaka kwa mpango, utajipaka kwa mabaka, na baka jembamba kuliko unywele linatosha kuutingisha usukani. Ndiyo maana mtu huambiwa diski imepinda, kumbe haijapinda, imechafuka.

Jemu haisaidii. Joto la breki hupanda kwa mraba wa kasi: kusimama kutoka kilomita 60 kunazalisha joto mara tisa ya kusimama kutoka 20. Kwa hiyo ukitambaa kwenye foleni pedi hubaki mbichi. Halafu barabara inafunguka, unakimbia, mtu wa bodaboda anakukata, unafunga breki kwa nguvu na kusimama, mguu ukiwa bado umebana. Pedi yenye moto imeganda mahali pamoja kwenye diski, na pale inaacha alama yake.

Mimi alama hiyo niliiona nikiwa bado najifunza kazi. Nilitoka na gari la mteja kujaribu pedi nilizomfungia, nikashika breki kali nikikaribia raundabauti, nikasimama hapo nikisubiri magari yapite. Gari lilirudi likitetemeka. Tulipofungua gurudumu, mchoro wa pedi ulikuwa umekaa kwenye diski, pembe zote nne zikionekana, rangi ya kijivu iliyokoza. Pedi zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa la mguu wangu, na tangu siku hiyo sitoi gari gerejini bila kumweleza mwenyewe la kufanya.

Harufu uliyoisikia mwanzoni si ajabu. Ndani ya pedi mna gundi inayoshikanisha malighafi, na mara ya kwanza ikipata moto hutoa gesi. Lakini kama gurudumu moja linanuka hata usipokanyaga breki, au rimu yake ina joto kupita mwenzake, hapo kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, imekwama na hakuna kuzoesha kutakakoponya. Rudi kwa fundi.

Sasa, jaribu hivi. Kama boksi la pedi lina maelekezo yake, fuata hayo kwanza. Kama halina, toka Jumapili alfajiri, peke yako bila abiria, uingie Southern Bypass ambayo iko karibu nawe. Angalia kioo cha nyuma kila mara kabla ya kukanyaga. Matatu iliyo nyuma yako haijui unafanya nini. Panda hadi kilomita 60, kanyaga kwa nguvu ya wastani, ile ambayo abiria angeinama mbele kidogo lakini asilalamike, ushuke hadi kama 15. Usisimame kabisa. Achia, panda tena taratibu kwa nusu dakika ili breki zipumue, urudie. Mara 8 hadi 10 zinatosha. Kanyagio likianza kuwa laini au kuzama, acha hapohapo na uendeshe polepole zipoe, kisha mafuta ya breki yakaguliwe.

Ukimaliza, endesha dakika 10 hivi karibu bila kugusa breki. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi yote: wanaingia petroli stesheni na kusimama na mguu juu ya kanyagio. Ukilazimika kusimama, acha nafasi mbele na usogee kidogo kidogo. Ukiegesha, weka P na jiwe nyuma ya tairi, breki ya mkono usiivute mpaka zipoe. Kwa kilomita 300 za mwanzo usifunge breki kali bila sababu. Ikiwa ni ya kuokoa maisha, kanyaga bila kufikiri.

Asubuhi yake chungulia diski kupitia rimu. Ukiona rangi ya kijivu iliyotulia, sawa kote, umefaulu. Ukiona mabaka na mtetemo haujaisha, fundi afungue, asugue pedi na diski kwa msasa, asafishe na kuanza upya. Mwambie pia aondoe kutu kwenye habu, pale diski inapokaa, kabla ya kuirudisha, maana chembe ndogo ya kutu huifanya ikae upande, na akaze nati za gurudumu kwa kuvukanisha, moja kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Akitaka kuskimu, yaani kuichonga diski iwe sawa, apime kwanza: unene wa chini unaoruhusiwa mara nyingi umechongwa kwenye diski yenyewe.

Na siku yoyote ukifungiwa pedi, kabla gari halijasogea hata mita moja, pampu kanyagio mpaka liwe gumu. Fundi husukuma pistoni ya kalipa nyuma ili pedi ziingie, na mkanyago wa kwanza huzama mpaka chini bila kushika kitu.